Shangazi, tumepata watu wa kubadilishana nao nyumba lakini mume wangu hataki kusikia

Shikamoo shangazi, natumai u mzima. Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo nimeamua manake nikimwambia mtu wa karibu lazima atachukua upande, aidha wangu au wa mume wangu.

Mimi na mume wangu tunaishi ughaibuni (nchi sitaitaja), nyumba tumepanga, na wote tunafanya kazi rimoti. Mi niko huduma kwa wateja na kampuni yangu iko nchi nyingine kabisa, yeye anafanya mambo ya data na kampuni yake iko hapa hapa tunapoishi. Sasa mdogo wangu anatarajia mtoto wa kwanza, nae yuko nchi nyingine ambako hana ndugu hata mmoja, mama hawezi kusafiri, kwa hiyo nimebaki mimi. Nataka nikae nae miezi mitatu, kabla ya kujifungua na baada. Kwake ni chumba kimoja, yeye na mumewe, hatuenei. Hoteli miezi yote hiyo haifikiriki, na nyumba za muda mfupi zenye fanicha tulizoulizia, ukijumlisha na kodi ya huku ambayo lazima iendelee kulipwa, hatuiwezi hata tukijibana vipi.

Ndo nikaingia kwenye apu moja ya kubadilishana nyumba nikapata mtu na mkewe ambao nyumba yao iko mitaa miwili tu kutoka kwa mdogo wangu! Nao ni watu wa laptopu kama sisi na wanatafuta pa kukaa huku kwetu miezi hiyo hiyo. Hamna pesa, wao wakae kwetu sisi tukae kwao, basi. Tumeongea kwa video wameonekana watu wazuri sana, wacheshi, wanasema hakuna haja ya karatasi yoyote tushakuwa marafiki tuaminiane tu. Ila wanataka jibu wiki ijayo ili wakate tiketi.

Mume wangu amegoma. Anasema, namnukuu, "siwezi kukaa kwa mtu nifanye kazi huku najua kuna mtu kwangu anafungua kabati zangu." Anataka niende peke yangu. Alafu mkataba wetu wa nyumba una kifungu kwamba haturuhusiwi kupangisha mtu mwingine, lakini mi naona hatupangishi kwa sababu hakuna anayelipa, kwa hiyo nilifikiri tusimwambie mwenye nyumba, majirani wakiuliza tunasema ni wageni wetu. Na kazini pia nilikuwa nafikiri ninyamaze, kazi yenyewe ni intaneti tu, nani atajua niko wapi? Shangazi niambie ukweli, mume wangu anakuza mambo au mi ndo sioni? Na hawa watu niwajibu nini?

Mama Mkubwa Mtarajiwa

*

Marahaba mwanangu, mi mzima, na hongera za mapema kwa mdogo wako, Mungu amjalie ajifungue salama. Kwenda kukaa na ndugu anayejifungua ugenini ni jambo la maana kuliko mengi tunayokatia tiketi, kwa hiyo sitakwambia uache. Kubadilishana nyumba naona ni njia nzuri sana kwa watu kama nyinyi. Ninachokataa ni siri. Barua yako ina siri mbili, ya mwenye nyumba na ya kazini, na mume wako kabla hata hatujafika kwenye kabati zake naona anahofia jambo ambalo hajapata maneno ya kulisema vizuri.

Huu utaratibu wa kubadilishana nyumba si wa jana. Ulaya kuna walimu waliuanzisha tangu 1953, ndo shirika la kubadilishana nyumba la Intervac lilipozaliwa, manake mwalimu ana likizo ndefu, anaenda kwa mwenzie na mwenzie anakuja kwake. Shirika jingine kama hilo, HomeExchange, likaja 1992, baadae zikafuata apu za kila aina. Lakini yote hayo yalijengwa juu ya likizo, familia inaenda kutembea wiki mbili tatu inarudi. Nyinyi mnaenda kufanya kazi miezi mitatu mkiwa ndani ya nyumba ya mtu, kwenye nchi ambayo si yenu na wala si ile mnayoishi, hapo ndo mambo yanakuwa mengine kabisa na ndo watu wengi wanapojikwaa kwa sababu wanafuata ushauri wa watu wa likizo.

Tuanze na mwenye nyumba. Hiyo hoja yako kwamba hakuna anayelipa kwa hiyo hamjapangisha, usiitegemee. Mikataba mingi na sheria za nchi nyingi haziangalii pesa tu, zinaangalia nani anaishi mle ndani. Ujerumani kwa mfano kumwachia mtu mwingine nyumba uliyopanga aitumie, hata bure, kunataka ruhusa ya mwenye nyumba. Na mgeni ni mtu anayekuja ukiwepo, mtu anayeishi kwako miezi mitatu wewe ukiwa nchi nyingine, jina lako mlangoni, huyo kila jirani ataelewa ni nini. Fikiria bomba limepasuka usiku maji yanashuka kwa jirani wa chini, mwenye nyumba anakuja anafunguliwa na mtu asiyemjua, hapo utaanza kueleza kwa simu kutoka mbali na kila unachoeleza kinaonekana uongo hata kile cha kweli. Alafu bima. Kama mna bima ya vitu vya ndani waandikie muwaulize, nyingine zina masharti kama wenyewe hampo kwa muda mrefu au kama anayekaa mle hayumo kwenye mkataba wa bima, na hilo ni bora ulijue kabla ya hayo maji.

Kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba imeili fupi na ya heshima. Mwambie unaenda kwa ndugu yako anayejifungua, tarehe hii mpaka hii, kodi itaendelea kutoka kwenu siku ile ile kama kawaida, nyumba itakaliwa na fulani na fulani, hawalipi chochote, mtampa nakala za vitambulisho vyao, na uharibifu wowote ni juu yenu. Wenye nyumba wengi wanaogopa mambo mawili, mtu aingie asitoke au nyumba iharibiwe, ukiyajibu yote kabla hajauliza kuna uwezekano mkubwa akakubali. Akikubali kwa mdomo mwambie akujibu kwenye imeili hiyo hiyo, uitunze.

Kazini sasa. Unauliza nani atajua. Mwanangu, kila ukiingia kwenye mfumo wa kampuni kompyuta inaacha anwani ya mtandao inayoonyesha uko nchi gani, na kampuni nyingi sa hivi mfumo wenyewe unapiga kelele ukiona mtu wa nchi fulani ameingilia nchi nyingine, akaunti inafungwa hapo hapo mpaka mtu wa IT apige simu kuuliza. Usiniambie habari za VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, hiyo ikigundulika inageuka kuwa udanganyifu, wakati ungeomba ruhusa huenda ungepewa tu. Na kampuni haiulizi kwa umbea. Mfanyakazi akikaa nchi nyingine muda fulani anaweza kuanza kudaiwa kodi ya mapato huko, nchi nyingi zinatumia kipimo cha siku 183 ila si kipimo pekee, na wakati mwingine kampuni yenyewe inaweza kuonekana imefungua ofisi kule bila kujiandikisha. Kama mnaishi nchi ya Umoja wa Ulaya na mnaenda nyingine ya Umoja huo huo kuna cheti kinaitwa A1 kinachoonyesha mnachangia hifadhi ya jamii wapi, watu wa HR, wale wa mambo ya wafanyakazi, wanakijua, waulizeni.

Upande wa mume wako naona ni mzito zaidi, mtu wa data. Kampuni zinazofuata sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, ile GDPR iliyoanza kutumika 2018, hazifurahii mtu kufungua taarifa za wateja akiwa popote anapojisikia. Inawezekana kabisa analijua hilo na ndo linalomkosesha raha, ila limetokea mdomoni kama kabati. Wote wawili ombeni kwa maandishi. Kampuni nyingi zina idadi ya siku wanazoruhusu kwa mwaka kufanya kazi nje ya nchi yako ya kawaida, yako ikisema ni mwezi mmoja basi miezi miwili iliyobaki utaigawa kati ya likizo na kurudi mapema, sasa hilo lijue kabla hujamwahidi mtu nyumba.

Na uhamiaji, ambao hukuutaja kabisa kwenye barua! Hujaniambia unatoka nchi gani kwenda gani kwa hiyo nakupa mifano uone zinavyotofautiana. Uingereza tangu tarehe 31 Januari 2024 mgeni anaruhusiwa kufanya kazi yake ya nje kwa mtandao akiwa kule, ila isiwe ndo sababu kubwa ya kuja, na wewe unaenda kwa ndugu kwa hiyo ukiulizwa unasema ukweli mtupu. New Zealand nao walilegeza tarehe 27 Januari 2025. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni ana siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 wameanza kuandika kuingia na kutoka kwa mfumo wa kompyuta wenye alama za vidole, kwa hiyo habari za kutegemea muhuri uliofifia zinaisha. Miezi mitatu ukihesabu vibaya inakuwa siku 92, hizo mbili zinatosha kukuharibia. Alafu siku 90 za mgeni si ruhusa ya kufanya kazi, nchi nyingi zimetengeneza viza maalum kwa watu wa laptopu, Barbados na Estonia zilianza 2020, Kroatia 2021, Uhispania ikafuata na sheria yake mpya mwishoni mwa 2022, kila moja na masharti yake ya kipato na bima ya afya. Angalia tovuti ya uhamiaji ya nchi husika, si maneno ya watu.

Angalia pia kibali chenu cha huko mnakoishi. Watu wanasahau kwamba kuondoka nako kunahesabiwa. Ujerumani kwa kawaida ukikaa nje zaidi ya miezi sita kibali cha ukaazi kinaweza kufa chenyewe, miezi mitatu haifiki huko, lakini kama mwaka huu mlishasafiri au mnahesabu miaka ya kuomba ukaazi wa kudumu, piga hesabu kwanza. Na kitu kingine, hao wenzenu wakikuomba uwalindie mbwa wao au uwafanyie usafi wa bustani kama sehemu ya makubaliano, kuwa mwangalifu. Marekani kwa mfano kufanya kazi za nyumbani ili upate pa kulala kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi, na hilo likitoka mdomoni mwako mbele ya afisa wa mpakani unaweza kurudishwa. Kumwagilia ua la dirishani hakuna shida mwanangu, usiogope kila kitu.

Tuje kwa hao marafiki wenu wanaosema hakuna haja ya karatasi. Hapa siyumbi: bila karatasi usitoe funguo. Sisemi ni wabaya, huenda ni watu safi kabisa. Lakini miezi mitatu ni mirefu, na hatari kubwa ya kubadilishana nyumba kwa wakati mmoja ni kwamba nyumba mbili zinakuwa zimefungana kama ndoo mbili za kamba moja kisimani, ya kwao ikivutwa na ya kwenu inakwenda nayo. Wao wakizuiwa mpakani, au mmoja akiugua, au wakigombana wakataka kurudi kwao wiki ya tano, wewe uko kitandani kwao na mdogo wako ana mtoto wa siku nne. Utaenda wapi? Hilo ndo la kuandika kabla ya yote. Andikeni kwamba anayetaka kuvunja anatoa taarifa siku kadhaa kabla (mi ningesema zisipungue 21), na kwamba aliyevunja mapema ndo anayetafuta pengine pa kulala kwa siku hizo, si yule mwingine. Yakishakaa hayo, mengine ni mepesi, nani analipa umeme na maji, picha za mita siku ya kuingia na ya kutoka, kitu kikivunjika nani anatengeneza, wageni wa kulala wanaruhusiwa au la, kamera za ndani zizimwe na zionyeshwe zilipo, funguo ngapi na zinarudi kwa nani. Kurasa mbili zinatosha, kila mmoja aweke sahihi, na yathibitishwe pia ndani ya apu kwa sababu ulinzi wa apu, kama upo, kwa kawaida ni kwa makubaliano yaliyopita mle ndani tu, si yale ya kwenye WhatsApp.

Waulize pia wao wana ruhusa gani ya kukaa na kufanya kazi huko kwenu miezi mitatu. Si umbea, manake wakirudishwa mpango wenu wote umeanguka. Na nyumba ni yao au wamepanga kama nyinyi? Kama wamepanga, mwenye nyumba wao anajua? Omba wakuonyeshe jina lao kwenye bili au mkataba pamoja na kitambulisho, nawe uwaonyeshe vyako. Alafu mkifanya video tena waambie watembee na simu, waanzie barabarani nje, waingie mlangoni, wapite kila chumba, wafungue bomba, waende dirishani uone kilichopo nje ukilinganishe na ramani. Mdogo wako yuko mitaa miwili tu, kwa nini hajaenda kubisha hodi? Watu wanaolipa mawakala kukagua nyumba wangetamani bahati hiyo.

Akienda, kitu cha kwanza akague ni pale utakapofanyia kazi. Akae kwenye kiti chenyewe, sio sofa, kwenye meza yenyewe, mlango umefungwa, saa ile ile ambayo zamu yako itakuwa ukibadilisha kwa saa za huko, apime spidi ya intaneti kwa simu akiwa amekaa hapo hapo. Watu wanaangalia namba ya kupakua tu wanafurahi, wewe wa simu za wateja angalia ya kupakia na ule ucheleweshaji, kwa sababu video koli moja ya kawaida haimalizi hata Mbps 4 (ndo kipimo cha spidi ya intaneti) lakini laini inayoyumba itakukatia sauti katikati ya mteja aliyekasirika. Na nyie ni wawili, mara mbili ya hiyo kwa wakati mmoja. Aangalie ruta iko chumba gani na kama waya wa mtandao unafika mezani. Ajaribu pia mtandao wa simu mle ndani, kuna nyumba zina kuta nene simu haishiki kabisa, na namba za siri za benki na za kazini zinakuja kwa SMS kwenye laini yako ya huko unakotoka, kwa hiyo hakikisha laini hiyo inapokea ujumbe ukiwa nje, au hamishia kwenye apu ya uthibitisho kabla hujaondoka. Nyumba nzuri isiyo na meza na kiti cha maana, kwa miezi mitatu, mgongo wako utakulaumu mpaka mtoto aanze kutembea.

Mume wako sasa. Hakuzi mambo. Nyumba ni ya kwenu wote, mkataba bila shaka una jina lake pia, na bila ndiyo yake hakuna ndiyo. Ila usibishane nae juu ya kabati, muulize ni nini hasa mle ndani. Mara nyingi mtu ana vitu vinne vitano tu ambavyo hataki viguswe, nyaraka, vitu vya marehemu baba yake, kompyuta ya kazi. Tengeni chumba kidogo au kabati moja lenye kufuli, muwaambie wenzenu wazi kwamba hilo limefungwa, nao wafanye hivo hivo kwao, hakuna atakayeona vibaya. Vifaa vya kampuni kama skrini na karatasi za wateja viingie humo, havitumiwi na mgeni. Kwenye ruta wafungulieni mtandao wa wageni wenye paswedi yake. Na mruhusu mume wako aongee nao mwenyewe bila wewe kuwepo, aulize anachotaka hata kama ni maswali ya kuchosha, kwa sababu mpaka sasa hao ni marafiki zako, yeye anawasikia tu.

Ikiwa baada ya yote hayo bado hataki, mwache abaki na wewe uende. Sio kushindwa. Uliza kwenye apu kama kuna mfumo wa pointi, HomeExchange wanao, ambapo hulazimiki kubadilishana na yule yule wala kwa wakati mmoja, mnaweza kukaribisha mtu wikiendi ambazo mtakuwa mmesafiri wote wawili, mkakusanya pointi, alafu wewe ukazitumia kwa siku chache karibu na mdogo wako. Au chukua chumba kimoja cha kupanga mwezi mmoja tu, ule wa kujifungua, ambao ndo anakuhitaji kweli.

Wenzenu wajibu leo, usingoje hiyo wiki ijayo. Andika hivi: "Tumependa sana nyumba yenu na tunataka kuendelea, ila tumepanga na tunasubiri jibu la maandishi la mwenye nyumba na la waajiri wetu, tunaomba wiki tatu. Tafadhali msikate tiketi kabla hatujasaini makubaliano ya kurasa mbili tutakayowatumia. Mdogo wangu yuko jirani na angependa kuja kuwasalimia na kuona nyumba Jumamosi." Wakikubali wiki tatu, endelea. Wakianza kukusukuma ukate tiketi kwanza karatasi baadae, washukuru na utafute wengine.